Niko zamu usiku wa Krismasi, nifanyeje?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni nesi wodi ya wazazi hapa Dar, kwetu Machame, Kilimanjaro. Tangu nizaliwe Krismasi ni nyumbani, hata kama nauli ni ya kukopa nitapanda basi tu. Mwaka huu rosta imetoka niko zamu ya usiku tarehe 24 na 25, kubadilishana na mtu imeshindikana. Mama kanuna, kwenye grupu la ukoo wananiambia nimesahau kwetu. Juzi nikakaa nikajiuliza, ukitoa safari, nguo mpya na kisusio, ile supu yetu ya damu ya mbuzi, hivi hii Krismasi yangu ina nini? Nimekosa jibu na imeniuma. – Nesi, Temeke

JIBU: Pole mdogo wangu. Hao wa kwenye grupu wasikunyime usingizi, wengine wakifika huko kanisani wanaingia mahubiri yameisha, wananukia mbege, ile pombe ya ndizi, tunajuana.

Kisusio hakina dhambi bwana, kula na ndugu ni baraka. Ila sisi Majilio yote, yale majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, Jumapili nne nzima altare imevaa zambarau, tunazimalizia kwenye foleni ya tiketi na kwa fundi cherehani, halafu tarehe 25 tunashangaa moyo mbona mtupu. Wewe mwaka huu hufungashi mizigo, basi hizo Jumapili zilizobaki nenda kanisani.

Alafu fungua Luka 2. Habari ya Yesu kuzaliwa ilipelekwa kwanza kwa wachungaji waliokuwa makondeni usiku wakilinda kundi kwa zamu, watu wako hao, na hakuna aliyewauliza mbona hamko kwenu. Wakaenda wakamwona mtoto horini, na mstari wa 20 unasema wakarudi wakimtukuza Mungu, wakarudi wapi kama sio kwa kondoo wao, mi ndo navyoelewa. Kwa hiyo kuwa kazini hakukutoi kwenye Krismasi, na kuna mama atajifungulia mikononi mwako usiku huohuo, pengine kaja peke yake na khanga moja iliyolowa. Beba khanga safi mbili tatu kutoka nyumbani. Kabla hujaingia wodini omba, hata dakika mbili pale unapobadilisha nguo, mwombee huyo usiyemjua bado. Asubuhi ukitoka pitia ibada, ukisinzia Mungu anajua ulikotoka.

Na Krismasi haiishi tarehe 25, kwenye kalenda ya kanisa hapo ndo inaanza, inakwenda mpaka Epifania, sikukuu ya mamajusi kumwona mtoto Yesu, tarehe 6 Januari, kwa hiyo ukipata ofu katikati hapo ukapanda Machame hujachelewa kitu.

Mama usimjibu kwenye grupu, mpigie mwenyewe, na ile hela ya nauli mtumie kidogo ya sukari. Atanuna, ila atanuna kwa adabu.