Mianga ya kaskazini: Tromsø au Abisko, na je, simu inatosha kupiga picha?

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unatokea Nairobi, una wiki moja ya Krismasi, umeona tangazo la ziara ya Tromsø huko Norwei, na unataka kujua kama ununue kwanza kamera kubwa. Mimi ninaishi kusini mwa Uswidi na hupanda kaskazini karibu kila majira ya baridi kwa ajili ya mianga hiyo ya rangi inayocheza angani usiku (aurora), hivyo nitakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Kwa ufupi, fedha ya kamera iongeze kwenye siku za kukaa huko, tarehe isogeze hadi mwisho wa Februari au Machi, na Tromsø usiifanye kituo chako pekee.

Wengi hudhani kinachowanyima watu mianga ni jua kukosa nguvu. Kwa aliye London hilo ni kweli, lakini Tromsø iko zaidi ya nyuzi 69 kaskazini mwa ikweta na Abisko, upande wa Uswidi, iko nyuzi 68, yaani chini kabisa ya ule ukanda unaoizunguka ncha ya sumaku ya dunia, ambamo chembe zenye chaji zitokazo kwenye jua huingia angani karibu kila usiku. Kipimo cha Kp, kinachoonyesha msukosuko wa sumaku ya dunia na ambacho huanzia 0 na kuishia 9, kikisoma 1 au 2 kinatosha kabisa ukiwa huko. Nimewaona wageni wakitazama simu zao, wakakuta Kp ya 2, wakaenda kulala, ilhali nje kijani kilikuwa kimetanda hadi utosini. Afadhali ufuatilie alama ya Bz, kwa sababu ikishuka chini ya sifuri na kubaki huko, usumaku uliobebwa na upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe hizo zitokazo kwenye jua, umeelekea kusini na dunia inazipokea chembe hizo kwa urahisi. Vipimo hivyo huchukuliwa na setilaiti zilizo umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ndiyo maana unapata nafasi ya nusu saa hadi saa moja ya kuvaa na kutoka. Hata wale wanaosema kwamba umechelewa, kwa kuwa wanasayansi wa Marekani walitangaza Oktoba 2024 kuwa jua limefikia kipindi cha kilele chake, wasikutishe. Kupungua kwa nguvu za jua huwaumiza zaidi watazamaji wa kusini.

Adui wako ni mawingu. Tromsø ni mji wa pwani unaopashwa joto na mkondo wa bahari ya Atlantiki, kwa hiyo baridi yake si kali mno, ila mwezi wa Desemba theluji na mawingu huweza kukaa siku nyingi mfululizo. Ndiyo maana ziara za pale ni za kufukuzia anga: unapakiwa basini jioni, mnakimbizwa bara kuelekea Skibotn, na pengine mnavuka mpaka hadi Kilpisjärvi nchini Ufini, kisha mnarudi alfajiri. Sizibezi ziara hizo, kwani madereva wake husoma ramani za hali ya hewa kwa ustadi mkubwa, lakini ni ghali, na sehemu kubwa ya usiku unaimalizia kwenye kiti.

Abisko iko nyuma ya milima ya mpakani, ambayo huzuia unyevu unaotoka baharini, na ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua na theluji kidogo zaidi katika Uswidi nzima. Mara nyingi huko Narvik, mji wa Norwei ulio ng'ambo ya mlima, hakuonekani nyota hata moja, na kwenye ziwa Torneträsk anga imefunguka. Unatoka mlangoni kwa miguu, unashuka ziwani, unasubiri. Muda mzuri kwa kawaida ni kati ya saa 3 na saa 7 usiku, kwa hiyo giza la mchana kutwa la Tromsø, ambako jua halichomozi tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, halikuongezei mengi. Machi una mchana wa kutembea, usiku bado ni mrefu, na misukosuko ya sumaku huongezeka siku zinazokaribia usawa wa usiku na mchana. Ikifika katikati ya Aprili, giza halikolei tena.

Sasa picha. Mianga hafifu machoni hufanana na moshi wa kuni juu ya mlima, haina rangi, kwa sababu jicho la binadamu halitambui rangi vizuri gizani. Usije ukadhani umeibiwa. Kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa na kuonyesha kijani cha oksijeni iliyo kilomita 100 hadi 150 juu, na ikikolea, wekundu wa oksijeni iliyo juu zaidi. Simu ya miaka ya karibuni yenye hali ya usiku, ikifungwa kwenye stendi ya miguu mitatu, inatosha kwa picha za kuwaonyesha ndugu. Ukiazima kamera, tafuta lenzi pana yenye f/2.8 (tundu kubwa la kupitisha mwanga), weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kati ya 1600 na 3200, shata iache wazi sekunde 10 mianga ikitulia, au sekunde 2 hadi 4 ikianza kucheza, na fokasi uifanye kwa mkono: kuza nyota moja kwenye skrini mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Kichujio cha kulinda lenzi kivue, kwani mwanga wa kijani wa mianga ni wa wimbi moja jembamba na hujirudisha kati ya vioo, ukaacha miduara katikati ya picha, na miduara hiyo ni taabu kuifuta.

Kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri betri hulegea haraka, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Usipumulie lenzi. Ukirudi ndani, acha kamera kwenye begi lililofungwa hadi ipate joto taratibu, la sivyo umande utaingia hadi ndani ya vioo. Nguo za ndani ziwe za sufu, si pamba, na koti la skii ulitafute Gikomba kwenye mitumba kabla hujalinunua kwa bei ya Ulaya.

Visa ya Schengen ni moja kwa nchi zote hizi. Omba kupitia nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Tromsø haina reli, ila kuna basi hadi Narvik, na kutoka Narvik treni hukushusha Abisko kwenyewe. Hicho ni kijiji kidogo chenye vitanda vichache ambavyo kwa Machi huisha mapema, hivyo pata chumba kwanza ndipo ukate tiketi ya ndege.