Michoro ikichelewa, usingoje mwisho wa kazi ndipo udai

Ndugu mkandarasi, umeuliza kama unaweza kungoja kazi ikamilike ndipo udai fidia ya michoro ya msingi iliyocheleweshwa na mhandisi. Tafadhali usingoje. Katika Kitabu Chekundu cha 1999, yaani mkataba wa mfano wa ujenzi wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), kifungu cha 20.1 kinakutaka umpe mhandisi taarifa ya maandishi ndani ya siku 28 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, tukio hilo. Zikipita, unapoteza nyongeza ya muda na malipo, hata kama haki ilikuwa yako kabisa. Taarifa hiyo haihitaji hesabu, kwani maelezo kamili yana siku zake 42, zinazohesabiwa kuanzia siku ileile ulipojua au ulipopaswa kujua. Leo hii anza kuandika kwenye daftari la saiti ni mafundi wangapi waliokaa bure na mtambo upi uliosimama. Soma pia masharti mahususi ya mkataba wako, maana huenda siku hizo zilibadilishwa.