Foku ya zamani ya baiskeli inadunda? Anza na mafuta
Ndugu yangu, foku yako ya RockShox (uma wa mbele wenye springi) kudunda kama mpira ukishuka njia ya Marafa si sababu ya kuitupa. Fungua kwanza, badilisha mafuta na oili sili (mipira inayozuia mafuta yasivuje), maana hapa Malindi mchanga na chumvi vinamaliza sili haraka na mafuta yakishavuja hakuna cha kuituliza springi ikirudi. Kama ilikuwa na mafuta ya 5wt (namba ya uzito wa mafuta) jaribu 7.5wt, yale ya foku za pikipiki yanafaa, ila usizidishe uzito itakuwa ngumu kwenye vijiwe. Mafuta ya injini hapana kabisa! Katriji mpya (kifaa cha ndani kinachotuliza springi) ndio ya mwisho, na pima kwanza unene wa bomba za juu, 32 mm au ngapi, ukikisia tu pesa imeenda.