Seli Zinazotengeneza Kovu Zinapovamia Mapafu

SWALI: Baba yangu, mwenye umri wa miaka 68, amekuwa na kikohozi kikavu kwa muda mrefu, na sasa anaishiwa pumzi hata akipanda ngazi chache. Vipimo vya kifua kikuu havikuonyesha kitu, lakini picha ya CT imeonyesha kwamba mapafu yake yana makovu. Daktari alituambia kwamba chanzo hakijulikani, na kwamba kuna seli zinazovamia mapafu. Je, hiyo ni saratani? Tena, kovu linatokeaje mahali pasipo na jeraha?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, tunampa pole mzee wetu. Ugonjwa huo, ambao kitaalamu huitwa idiopathic pulmonary fibrosis (IPF), yaani makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, si saratani, ingawa hofu yako inaeleweka, kwa kuwa seli zinazohusika zina tabia moja inayofanana na ya seli za saratani.

Jeraha lipo, ila ni dogo na hujirudia kwa miaka mingi katika utando wa ndani wa vifuko vya hewa. Moshi wa sigara, vumbi, umri mkubwa na urithi huchangia. Utando ukiumia, hutoa ishara za kemikali zinazoziita faibroblasti, yaani seli za tishu unganishi zinazotengeneza kolajeni ya kuziba jeraha. Kwa kawaida seli hizo zikimaliza kazi hufa au hutulia. Katika ugonjwa huu haziachi, bali huendelea kulimbika kolajeni hadi kuta za vifuko zinakuwa nene na ngumu, na oksijeni inapenya kwa shida kuingia katika damu.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, wakiongozwa na Paul Noble, walionyesha jambo jingine zito. Walitumia panya ambao seli zao za kovu zilifanywa zizalishe kwa wingi kimeng'enya HAS2, kinachotengeneza asidi ya hayaluroniki, yaani kemikali ya utelezi inayokaa katikati ya seli. Seli hizo zilipata uwezo wa kupenya tishu zinazozizunguka, na panya wakapata makovu makali yaliyowaua. Faibroblasti zilizotoka kwa wagonjwa zilikuwa na tabia hiyohiyo ya kupenya. Kipokezi kiitwacho CD44, kilicho juu ya seli na kinachoshika asidi hiyo, kilipoondolewa, au kilipozuiwa kwa kingamwili, makovu ya panya yalipungua. Hapo ndipo lilipotoka neno "kuvamia" la daktari wenu. Hata hivyo, tofauti na saratani, seli hizi hazisafiri kwenda kuota katika ini au ubongo.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulitibiwa kama mwasho wa tishu unaoletwa na kinga ya mwili, kwa dawa za kuituliza kinga hiyo. Matokeo ya jaribio lililochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliopewa dawa za prednisoni na azathioprini, zinazotuliza kinga, pamoja na asetilisisteini walikufa zaidi kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, na kwa maoni yangu kila familia yenye mgonjwa wa aina hii inapaswa kulijua jambo hilo. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha dawa za pirfenidoni na nintedanibu, ambazo hupunguza kasi ya makovu lakini haziyaondoi yaliyokwisha kujijenga. Kwa hiyo kila mwezi unaopotea una gharama yake, hasa kwetu ambako kikohozi kirefu na picha ya kifua yenye madoa huweza kumfanya mgonjwa atibiwe kifua kikuu tena na tena bila vimelea kuonekana.

Mkirudi kwa daktari, mwelezeni kazi zote alizowahi kufanya mzee, hasa za migodini au za kukata mawe, ndege anaowafuga, na dawa anazotumia, zikiwemo amiodaroni, methotreksati na nitrofurantoini, kwa sababu baadhi ya makovu ya mapafu yana chanzo kinachoweza kuondolewa. Ulizeni pia kuhusu kipimo cha oksijeni anapotembea, mazoezi ya kupumua, na chanjo za mafua na nimonia. Ikiwa bado anavuta sigara, aache sasa.