Jioni za kaskazi juu ya paa: usipande mapema

Wageni wanaonifikia Tanga kati ya Desemba na Machi huja na ombi lao tayari: twende juu mapema, tuwahi jua likizama. Nawaambia jua waliache lizame lenyewe, sisi tutapanda baada ya magharibi. Wengine hununa.

Lakini hebu tazama mji ulivyokaa. Tanga imejengwa upande wa kusini wa ghuba, kwa hiyo ukisimama juu ya ghorofa yoyote iliyo karibu na bandari ukaikabili bahari, umeikabili kaskazini. Kulia kwako ni Raskazone, mbele yako kisiwa cha Toten na mikoko yake, na ng'ambo ni Chongoleani, mwisho wa lile bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Jua la kiangazi halina kazi upande huo. Linatua nyuma yako, bara, juu ya mabati na matangi ya maji ya watu. Anayepanga viti kulifuata jua anaipa bandari kisogo.

Halafu kuna joto la slabu yenyewe. Zege limeota jua tangu asubuhi, na jua likishatua ndipo linaanza kulirudisha lile joto, taratibu, kupitia mkeka hadi kwenye makalio yako. Desemba jua linatua kama saa kumi na mbili na nusu. Katikati ya Februari linasogea hadi saa moja kasorobo. Mimi naongeza saa nzima juu ya hapo. Swali magharibi, oga, ukusanye vitu vyako, ndipo upande.

Ukitaka slabu ipoe haraka, imwagie maji kuanzia saa kumi na moja, lakini kwa adabu. Yale maji ya kusuuzia nguo yanatosha. Nyunyiza kwa kata, tandaza kwa ufagio yawe membamba, maana kinachopoza ni maji yanapokauka; dimbwi halipozi kitu, linatafuta ufa tu liingie. Mkupuo wa kwanza utakauka kabla hujageuka. Wa pili unakaa kidogo. Ukimwaga wa tatu na nyayo zako zikaacha alama nyeusi isiyofutika mara moja, paa limekubali, nenda kalete mkeka.

Nimetaja ufa, na hapa sitanii. Nyumba nyingi za ghorofa za mjini ni za zamani, na hewa ya chumvi haina huruma na nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, na ikivimba inalisukuma zege litoke. Kabla ya kualika watu, shuka chumba cha chini uangalie dari: ukiona vipande vimebanduka na chuma chekundu kinachungulia, usipandishe watu kumi. Mwite fundi kwanza. Na ukuta wa pembeni usipomfika mtu mzima kifuani, watoto wadogo wabaki chini, hata walie.

Kuhusu upepo, msimu huu ni wa kaskazi, na kaskazi inatoka baharini moja kwa moja hadi usoni. Jirani yangu wa chini ni mzee aliyeendesha majahazi ya Pemba enzi zake. Jioni moja nikamkuta barazani, nikamwamkia, nikamuuliza kama leo juu kutakuwa na upepo. "Marahaba mwanangu. Mbona waniuliza mimi, moshi wa muuza mishkaki huuoni?" Tangu hapo natazama moshi. Ukilala kuelekea mjini, kuna jioni njema. Ukipanda wima, upepo umekata, na hapo bora ukae barazani na wenzako. Machi ikielekea ukingoni, siku za namna hiyo huzidi, tukiingia maleleji, kipindi cha pepo kubadilika, kungoja masika.

Sasa mwezi, na hapa ndipo wengi wanapopoteza usiku mzuri. Watu hungoja mwezi mpevu, mwezi kumi na nne au kumi na tano. Ni mzuri, siukatai. Desemba na Januari unachomoza kaskazini mashariki, upande wa mlango wa ghuba, ambako viti vyako vinatazama. Ila unachomoza jua linapozama, slabu bado ya moto na mbingu bado nyeupe. Kila siku inayofuata unachelewa kwa kama dakika 50. Chagua basi usiku wa pili au wa tatu baada ya mwezi mpevu. Utakuwa umeshakaa, isha imeshaswaliwa, kahawa imeshamiminwa, giza limekolea juu ya maji, ndipo mwezi unatoka mwekundu upande wa kulia na kuangusha mstari wake hadi gatini. Hakuna tiketi, hakuna foleni.

Ujue tu kwamba mwezi mkubwa una gharama yake. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hujaa mnamo saa kumi alasiri, kisha yanakupwa jioni nzima hadi saa nne usiku. Kwa hiyo unavyozidi kustarehe ndivyo tope linavyozidi kuwa wazi, na kaskazi inakuletea harufu yake. Mimi nimeizoea. Mgeni mwenye pua nyepesi mpeleke siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ambapo mambo ni kinyume: maji yanajaa usiku, na bandari inameremeta.

Usiku wa giza nao usiudharau. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mwezi, wakavutia dagaa kwa taa, na ukiwa juu ya kutosha utaziona zile taa zimejipanga nje ya ghuba. Juu yake, Januari mnamo saa mbili na nusu usiku, Kilimia, kile kishada cha nyota, kinakuwa katikati ya mbingu upande huo huo wa bandari. Ndicho wanachokisema wakulima: kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ukikiona kinaanza kushuka magharibi mapema jioni, masika haiko mbali, anza kuhesabu jioni zako zilizobaki.

Bandari yenyewe imebadilika sana. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukaletwa gatini na matishari, na kutoka juu uliona taa moja moja zikienda na kurudi. Sasa kina kimechimbwa hadi mita 13, na gati la mita 450 linapokea meli ubavuni. Kuna wanaolalamikia mataa na kelele za winchi. Mimi meli ikishusha mzigo usiku naitazama kuliko televisheni. Geuza mkeka kidogo tu, taa kubwa za gatini zisikupige machoni.

Majirani sasa. Ukiwa juu unaona nyua za watu, na saa kumi na moja jioni ndio wakati kina mama wako uani vichwa wazi, wanaogesha watoto, wanapika. Huna haki ya kuwa juu yao wakati huo. Kama kuna lazima, labda unamwagia slabu maji, au maji yamekatika na unaangalia tangi, kohoa kwa sauti, sema hodi, fanya lililokupeleka, shuka. Giza likiingia kila mtu ana sitara yake. Muziki uwe wa kusikika mkekani basi; taarabu ya vikundi vya Black Star au Lucky Star, vya mji huu huu, haihitaji spika ya harusi. Adhana ikianza, zima.

Mbu wana ratiba pia. Yule wa dengue, aliyetusumbua sisi na Dar es Salaam mwaka 2019, huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jua kuzama, na huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama. Funika tangi, pindua beseni na makopo yote yaliyoko juu. Kwa wale wa usiku, feni ndogo iwekwe sakafuni ikipuliza miguuni, kwani mbu si hodari wa kushindana na upepo. Taa iwe ya manjano, hafifu. Taa nyeupe inaita kila mdudu wa mtaa wa Chumbageni.

Usipike juu. Cheche na kaskazi havipatani, na sahani ya karatasi itaishia kwa jirani. Nunua muhogo wa kuchoma na mishkaki njiani, beba ndimu na pilipili, embe mbichi na chumvi, maana Desemba na Januari embe zimejaa sokoni. Kahawa chungu na kashata. Zaidi ya hapo utakuwa unahamisha jiko, na kushuka na vyombo ngazi za giza ni kazi ambayo wageni hupotea ghafla ikianza.

Miaka hii Ramadhani imeingia ndani ya kaskazi. Mwaka 2026 imeanza katikati ya Februari. Futari yenyewe iliwe chini, kwa utulivu. Baada ya tarawehe ndio mpande na chai ya tangawizi, na daku ikiwakuta huko huko, sawa.

Wanaotaka kulala juu, waruhusu, ila wafunge neti kwenye nguzo za kuanikia nguo na wachukue shuka mbili. Umande hushuka alfajiri, na godoro lililolowa umande hulikaushi ndani ya siku moja ukiliacha limelala kwenye slabu. Lisimamishe ukutani, upande linakopiga jua la asubuhi.