Krediti 78 si za kutupa

Dada, umeuliza utamalizaje shahada yako Marekani. Una krediti 78 (vipimo vya uzito wa kozi ulizofaulu) za vyuo vitatu vya Texas na Ohio, na diploma ya Dar, halafu mtu anakuambia uanze upya? Mpuuze. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120. Vyuo vingi hukata sana krediti za kuhamia, lakini Thomas Edison State cha New Jersey, Charter Oak State cha Connecticut na Excelsior cha New York vilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu kama wewe. Watumie transkripti zote (rekodi rasmi za masomo yako), wakupigie hesabu ya krediti watakazokubali kabla hujalipia kozi hata moja. (Kama kuna chuo kinakudai, malizana nacho kwanza, kisije kikazuia transkripti yako.)

Sasa tazama namba za kozi zako. Zinazoanza na 1 au 2, kama ENGL 1301, ni za ngazi ya chini, yaani za miaka miwili ya kwanza, na kwa vyuo vya miaka miwili ndizo karibu zote. Shahada inadai pia za ngazi ya juu, yaani za mwaka wa tatu na wa nne, na hapo ndipo watu hukwama na krediti 110 mkononi. Kwa hiyo usijazejaze mitihani ya CLEP (ukifaulu unapata krediti bila kusoma kozi) kwa kuwa ni nafuu. Mingi ni ya ngazi ya chini.

Diploma yako ya Dar itathminiwe na shirika lililo mwanachama wa NACES, umoja wa mashirika ya Marekani yanayotathmini vyeti vya nje, ripoti ya kozi kwa kozi. Ile ya jumla haitakusaidia.

Halafu Kiswahili chako! Mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, upo kwa Kiswahili na huweza kukupa krediti. Ulizia chuo kinazikubali ngapi.