Fedha ni za ami, viza ni yangu

SWALI: Assalaamu alaikum. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Nimemaliza kidato cha sita na nimepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza ya uhandisi katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza kilichopo nje ya London. Baba yangu alifariki nikiwa skuli ya msingi, na tangu hapo aliyenilea ni ami yangu anayeishi Maskati, ambaye ameahidi kunilipia. Mama naye ameuza karafuu zake, lakini fedha ziliingia benki wiki iliyopita tu. Nimeambiwa kuwa taarifa ya benki ya ami na barua yake vinatosha. Yupo pia mtu anayetaka kunitengenezea taarifa ya benki kwa malipo. Nifanyeje?
Msomaji, Wete

JIBU: Wa alaikumu salaam, mwanangu, na hongera kwa nafasi uliyoipata. Uliyoambiwa kuhusu ami si sahihi, na vijana wengi wa visiwani wamekwama hapo hapo. Kwetu sisi ami ni baba, na hakuna atakayekuuliza hati kabla hajakulipia ada. Kanuni za viza ya mwanafunzi za Uingereza hazihesabu hivyo. Zinakubali fedha zilizo katika akaunti yako mwenyewe, au ya mzazi wako, au ya mlezi anayetajwa na hati ya mahakama. Ami, mjomba, shangazi na kaka mkubwa hawamo, hata wakiandika barua kumi. Barua ya ami ikiambatanishwa na taarifa ya benki yake, afisa ataiona kama fedha za mtu baki na ombi litakataliwa, ingawa fedha zenyewe zipo na ni za halali.

Hata hivyo fedha za ami zina milango miwili ya kupitia. Wa kwanza, ambao mimi naupendelea, ni kwamba ami akilipie chuo moja kwa moja ada ya mwaka wa kwanza. Kwa kawaida chuo hakijali nani kalipa. Kitaandika kiasi kilichopokewa katika uthibitisho wa udahili wanaouita CAS, ambao namba yake ndiyo utakayojazia fomu ya viza, na kiasi hicho kinaondolewa katika fedha unazotakiwa kuzionyesha. Kabla hajatuma, soma masharti ya chuo kuhusu kurejesha ada pale viza inapokataliwa. Mlango wa pili ni kwamba ami akuhamishie fedha katika akaunti yenye jina lako, zikae humo muda unaotakiwa, nawe uweke barua yake na ushahidi wa uhamisho ili ukiulizwa zilikotoka uwe na la kuonyesha.

Ada ikishalipwa, kinachobaki ni fedha za kujikimu. Tangu Novemba 2025 anayesoma nje ya London anatakiwa kuonyesha pauni 1,171 kwa kila mwezi wa masomo, kwa miezi isiyozidi 9, yaani pauni 10,539. Kwa London ni pauni 1,529 kwa mwezi. Hapa ndipo fedha za karafuu za mama zinapofaa, kwa kuwa mama ni mzazi. Utahitaji cheti chako cha kuzaliwa kinachomtaja yeye, na barua yake yenye saini inayoeleza kuwa wewe ni mwanawe na kwamba amekuruhusu uzitumie fedha hizo kwa masomo. Cheti au barua ikiwa kwa Kiswahili, iambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye jina, saini na anwani ya mfasiri, tarehe, na maelezo yake kuwa tafsiri ni sahihi.

Kikalie hicho cheti, ukisome herufi kwa herufi. Kwetu mtu anaweza kuwa Khamis katika cheti cha kuzaliwa, Hamis katika cheti cha skuli na Hamisi benki. Mohammed huandikwa Moh'd na hakuna anayeshtuka. Na mama aliyesajiliwa kwa jina moja hujulikana mtaa mzima, hata benki, kwa jina jingine. Afisa anayesoma faili lako hajui kwamba wote hao ni mtu mmoja. Tofauti ikiwepo, nenda ukairekebishe mapema kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar au benki, kwani jambo hili huweza kula wiki kadhaa.

Sasa kuhusu muda. Fedha ni lazima zikae katika akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango, na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isiwe imepitwa kwa zaidi ya siku 31 unapowasilisha ombi. Tuseme za mama ziliingia Juni 3: siku ya 28 itakuwa Juni 30, na taarifa inayoishia siku hiyo itakufaa hadi Julai 31. Mama akichota kwa ajili ya harusi ya jirani Juni 20 na salio likashuka chini ya kiwango, unaanza kuhesabu upya hata kama alizirudisha kesho yake. Kwa kuwa thamani ya shilingi hupimwa kwa bei ya siku unayoomba, acheni ziada ya kutosha. Shamba la mikarafuu, dhahabu ya bibi na hisa havihesabiwi. Stakabadhi za mauzo ya karafuu kutoka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ziwekeni, maana salio lililopanda ghafla huweza kuzua maswali, nazo ndizo jibu lake.

Huyo anayetaka kukutengenezea taarifa ya benki, achana naye leo. Benki huulizwa, na ombi lenye hati ya kughushi hukataliwa na kuweza kukufungia mlango wa Uingereza kwa miaka 10. Yeye atakuwa ameshachukua chake, na adhabu itabaki kwenye jina lako.

Mwezi huu, basi, usiombe. Ombi linaweza kupelekwa hadi miezi 6 kabla ya masomo kuanza, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3. Pamoja na ada ya viza utalipa mchango wa huduma ya afya, ambao kwa wanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na wa miaka yote hulipwa kwa mkupuo siku ya kuomba. Viza ikikataliwa mchango huo hurudishwa. Ada ya viza hairudi.

Wakati siku 28 zinakwenda, fanya kipimo cha kifua kikuu, ambacho ni lazima kwa anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi 6. Kliniki inayotambuliwa ipo Dar es Salaam, na cheti chake kinadumu miezi 6. Alama za vidole nazo utaziweka huko huko, lakini miadi yake hupatikana baada ya kujaza fomu na kulipa. Kwa hiyo, kabla hujakata tiketi ya boti Mkoani, piga hesabu kama utaweza kusubiri kwa ndugu Dar es Salaam au utavuka mara mbili.